Satelaiti ikistaafu haishuki, inapanda: kisa cha Intelsat 901

Nilikuwa juu ya bati la mzee mmoja huku Mbagala namfungia dishi la Azam, yeye yuko chini ya mwembe ananipigia kelele imekuja, imepotea, imekuja. Tulipomaliza akanikaribisha chai akaniuliza, "Kijana wangu, hivi hiyo satelaiti yenyewe ikizeeka inaangukia wapi? Isije ikatudondokea." Nikamwambia hapana mzee wangu, ile haianguki, ikistaafu inapandishwa juu zaidi. Akaniangalia. "Kitu kimechoka, halafu ndo kinapandishwa?" Nikaanza kumuelezea, maelezo yakawa marefu mpaka chai ikapoa, na tangu siku ile nimekuwa nikilisoma hili jambo kila nikipata nafasi, kwa sababu swali lake lina maana kuliko alivyodhani mwenyewe, na watu wengi wakilijibu wanachanganya satelaiti za chini na za juu kana kwamba ni kitu kimoja.

Za chini, zile zinazozunguka kilomita mia kadhaa juu yetu, ndo zinaanguka kweli, hewa kidogo iliyobaki huko inazipunguza mwendo taratibu mpaka zinashuka na kuungua. Ila satelaiti ya TV na simu ambayo dishi lako limeikazia macho usiku na mchana iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Huko hewa ya kuikwamisha hamna. Inakwenda kilomita 3 na kidogo kila sekunde na inamaliza mzunguko mmoja kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha mara moja, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama imesimama. Satelaiti ya Azam iko digrii 7 mashariki na sisi Dar tuko kama 39, ndo maana dishi lake tunalielekeza machweo na likishakazwa boliti halihitaji kuguswa tena.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapotea. Wanadhani satelaiti ikishafika pale inakaa tu. Haikai. Mwezi na jua vinaivuta pembeni, na kila mwaka njia yake inapinda karibu digrii 1 kutoka kwenye ikweta, halafu dunia yenyewe sio duara kamili hata pale kwenye ikweta, ina sehemu nzito na sehemu nyepesi, kwa hiyo satelaiti inavutwa pia kuelekea mashariki au magharibi kutegemea imekaa wapi. Kampuni inatakiwa kuishikilia ndani ya kiboksi cha angani chenye upana wa kilomita kama 75 hivi, kama Dar mpaka Unguja kwa boti, ikitoka hapo dishi lako la nyumbani linaanza kupoteza picha na jirani yake wa angani anaanza kulalamika. Kwa hiyo kila baada ya siku au wiki kadhaa vijiinjini vinapulizwa kidogo kuirudisha. Mafuta yanatumika hapo. Wahandisi hawayahesabu kwa lita, wanahesabu kwa mwendo ambao mafuta hayo yanaweza kuongeza au kupunguza, na kupambana na ule mpindo wa kaskazini na kusini peke yake kunakula mita 50 kwa sekunde kila mwaka. Hiyo namba ishike, tutairudia.

Kwa maana hiyo satelaiti nyingi hazifi kwa kuharibika. Sola paneli bado zinatoa umeme, betri zinashika chaji, transponda, yaani mitambo ya kupokea na kurusha mawimbi, zinapiga mzigo kama kawaida, ila mafuta ya kukaa mahali pake yameisha. Ni kama daladala nzima kabisa, injini haina tatizo, imepaki kwa sababu tanki halina kitu na huko iliko hamna sheli.

Intelsat 901 ni mfano mzuri kwangu kuliko yote. Ilirushwa Juni 2001 kutoka Kourou, Amerika Kusini, kwa roketi ya Ariane 4, ikiwa na uzito wa kilo 4,700 na ushee, ya kwanza kwenye kizazi cha tisa cha satelaiti za kampuni ya Intelsat. Ikapangiwa digrii 18 magharibi, juu ya Atlantiki, inahudumia Amerika, Ulaya na Afrika. Ilitengenezwa ifanye kazi miaka 13. Ikafanya 18. Na 2019 ilipofika tatizo halikuwa vifaa, tatizo lilikuwa tanki.

Hapa naomba tukae kidogo maana hili la tanki ndo kiini cha mambo yote. Unajuaje mafuta yamebaki kiasi gani? Fikiria mtungi wa gesi wa nyumbani. Unaunyanyua kupima uzito kwa mkono, unautikisa, au unafanya ule mtindo wa kuumwagia maji ya moto ubavuni halafu unapapasa, pale penye gesi ya maji panakuwa pa baridi na juu yake panabaki pa moto, unaujua mstari. Angani uzito hamna, mafuta hayana chini wala juu, yanaelea yamejibandika kwenye kuta za tanki, kwa hiyo ile geji ya gari haiwezi kufanya kazi. Wanachofanya ni kuweka daftari, kila vijiinjini vikipulizwa wanaandika vimepuliza sekunde ngapi na vimekula kiasi gani, miaka 15 au 18 mfululizo, na kakosa kadogo kila siku kanajilimbikiza. Au wanapima presha na joto la tanki wanapiga hesabu. Au wanawasha hita wanaangalia tanki linapata joto haraka kiasi gani, likiwa na mafuta mengi linachelewa kupata joto, likiwa tupu linapanda fasta. Hii ya mwisho ni ndugu kabisa wa maji ya moto kwenye mtungi wa gesi, na nilipoigundua nilifurahi kweli. Lakini hata ukizichanganya njia zote tatu bado unaweza kukosea kwa miezi kadhaa ya kazi.

Na hiyo miezi ni hela. Satelaiti inayofanya kazi inaingiza pesa kila siku, kwa hiyo kuna mtu ofisini anatakiwa aamue kwamba leo tunazima kitu kizima kinachotuingizia kipato kwa sababu tunahisi, hatujui, tunahisi mafuta yaliyobaki yanatosha safari ya mwisho tu.

Hiyo safari ya mwisho ni ya kwenda juu, na sababu ni hesabu nyepesi. Kuishusha satelaiti kutoka kule mpaka iguse hewa iungue unahitaji kubadilisha mwendo wake kwa mita karibu 1,500 kwa sekunde. Kuipandisha kilomita 300 juu ya njia ya wenzake unahitaji mita 11 tu. Ile namba niliyosema uishike, 50 kwa mwaka, ukiilinganisha unaona kupanda ni mafuta ya kama miezi mitatu ya kazi ya kawaida na kushuka ni ya miaka 30. Hakuna kampuni itakayobeba mafuta ya miaka 30 ya ziada kwa ajili ya mazishi. Kwa hiyo inapandishwa, mzee wangu, kwa sababu huko juu ndo karibu. Huko ndo wanapaita makaburini, ni eneo juu ya njia ya kawaida ambako satelaiti zilizostaafu zinazunguka bila kuingiliana na zilizo kazini. Kanuni ambayo mashirika ya anga ya dunia yamekubaliana ni angalau kilomita 235, unaongeza kidogo kutegemea satelaiti ina sola paneli kubwa kiasi gani, kwa sababu mwanga wa jua nao unasukuma, na satelaiti yenye mabawa makubwa na uzito mdogo inasukumwa zaidi inaweza kurudi chini kwenye njia ya wenzake.

Ikifika kule kuna kazi nyingine ambayo mimi naiona muhimu kuliko hata kupanda kwenyewe. Mafuta yaliyobaki yanamwagwa, presha ya matanki inatolewa, betri inatolewa chaji na kukatwa isichajiwe tena, halafu mwisho kabisa mitambo ya kurusha mawimbi inazimwa. Baada ya hapo huwezi tena kuongea nayo. Inafanyika hivyo kwa sababu tanki lenye presha na betri yenye chaji vikiachwa miaka mingi kwenye jua kali na baridi kali, siku moja vinapasuka, na ikipasuka satelaiti moja zinakuwa vipande mia, kila kipande kinakwenda kwa mwendo wake na hamna hewa ya kukishusha. Uchafu wa kule unakaa mamilioni ya miaka.

Wapo walioshindwa. Kampuni ya Dish ya Marekani ilikuwa na satelaiti inaitwa EchoStar-7, ilirushwa 2002. Waliahidi kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yao, FCC, kwamba wakati wa kustaafu wataipandisha kilomita 300. Mwanzoni mwa 2022 wakagundua mafuta ni machache kuliko walivyodhani, ikaishia kilomita 122 hivi. Oktoba 2023 FCC ikawatoza faini ya dola 150,000, na ilikuwa mara ya kwanza mamlaka hiyo kutoza faini kwa sababu ya takataka za angani. Kwa kampuni ya ukubwa ule hiyo hela ni ndogo mno na mimi nilitamani iwe kubwa zaidi, lakini angalau sasa kuna mfano, mhasibu anayesema tuongeze miezi miwili ya biashara anajua kuna mtu atauliza.

Satelaiti nyingine, Galaxy 15, yenyewe ilikuwa balaa la aina nyingine. Aprili 2010 ikaacha kusikia amri kutoka chini huku mitambo yake ya kurusha mawimbi ikiwa inawaka, ikaanza kuteleza mashariki taratibu inapita mbele ya satelaiti za watu wengine, kila inapopita wenye satelaiti hizo wanahangaika kukwepa mawimbi yake. Iliendelea hivyo miezi minane. Desemba mwaka huohuo betri yake ikaisha chaji, kompyuta ikazima ikajiwasha upya, na ikaanza kusikia amri tena.

Na kuna zile za zamani ambazo ziliachwa palepale zilipofia. Syncom 2, iliyorushwa Julai 1963, ndo ya kwanza kufanya kazi kwenye urefu huu, ingawa haikutulia kabisa, ilikuwa inapanda kaskazini na kushuka kusini kila siku. Agosti ya mwaka ule Rais Kennedy alizungumza kwa simu na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia satelaiti hiyo, upande wa Afrika mitambo ilikuwa kwenye meli iliyotia nanga Lagos. Ile Syncom 2 iko juu mpaka leo, kimya. Early Bird ya 1965 nayo ipo. Satelaiti iliyokufa bila kupandishwa inafuata ule mvuto wa dunia isiyo duara, na kuna sehemu mbili kama mabonde ambako vitu vinavutwa, moja digrii 75 mashariki, juu ya Bahari ya Hindi karibu na Maldives, nyingine digrii 105 magharibi juu ya Pasifiki. Mizoga mingine inabembea kwenye bonde hilo la Bahari ya Hindi, inakwenda inarudi kama bembea, inavuka njia ya satelaiti zilizo hai, na huu mchezo hauna mwisho.

Digrii 60 mashariki, kwenye bahari yetu hiyohiyo, Intelsat 33e ilivunjika vipandevipande Oktoba 2024. Ilirushwa 2016, ilikuwa imefika kama nusu tu ya umri wake, na Afrika ilikuwa sehemu ya eneo lake la huduma. Hakuna aliyepata nafasi ya kuipandisha. Ndo maana nasema kustaafu vizuri ni bahati pia, sio mipango tu.

Kuna watu wataniuliza sisi inatuhusu nini wakati satelaiti ni za Wazungu. Desemba 1976 nchi nane za ikweta zilikutana Bogota, Kolombia, zikasaini azimio kwamba kile kipande cha njia ya satelaiti kilicho juu ya ardhi ya nchi yao ni mali yao. Kenya ilisaini. Uganda ilisaini. Zaire ilisaini, na Kongo ya Brazzaville. Mataifa makubwa hayakulikubali, wakasema mkataba wa anga wa 1967 unakataza nchi yoyote kumiliki anga, na azimio likabaki kwenye makaratasi. Lakini wale waliosaini waliona kitu cha kweli, kwamba njia hii ni moja tu, inazunguka juu ya ikweta tu, nafasi zake zinahesabika, na waliowahi ndo wanakaa. Kila mzoga unaoachwa barabarani unapunguza nafasi ya wale ambao bado hawajafika. Waliochelewa wengi ni sisi.

Turudi kwa Intelsat 901, maana hapa ndo inakuwa tofauti na wenzake wote.

Desemba 2019 wateja wake walihamishiwa kwingine, ikapandishwa kilomita kama 290 mpaka makaburini. Mpaka hapo ni mazishi ya kawaida. Ila haikumwagwa mafuta wala kuzimwa, kwa sababu Oktoba ile roketi ya Proton ilikuwa imetoka Baikonur, Kazakhstan, imebeba chombo kinaitwa MEV-1, cha kampuni ya Northrop Grumman, ambacho kazi yake ni moja tu, kwenda kuishika satelaiti iliyoishiwa mafuta na kuwa miguu yake. MEV-1 ilipanda miezi zaidi ya mitatu kwa injini za umeme zinazopuliza gesi ya zenoni, nguvu yake ndogo sana ila matumizi yake ya mafuta ni madogo sana vilevile.

Unaishikaje satelaiti ambayo haikutengenezwa kushikwa? Haina mpini, haina ndoano, aliyeichora miaka ya 90 hakuwaza kwamba kuna siku mtu atakuja. Wakaangalia vitu viwili ambavyo karibu kila satelaiti ya aina ile inavyo. Ina injini kubwa moja nyuma, ile iliyoipandisha siku ya kwanza na baada ya hapo haitumiki tena, yenye mdomo kama tarumbeta. Na ina pete ya chuma ambayo iliifunga kwenye roketi. MEV-1 inasogea taratibu kwa nyuma, inaingiza fimbo ndani ya ule mdomo mpaka ipite kwenye koo lake jembamba, ikishapita ncha ya fimbo inatanuka haiwezi kurudi, halafu fimbo inavutwa na satelaiti inabanwa dhidi ya nguzo tatu zinazokaa kwenye ile pete. Basi. Imeshikwa. Walifanyia zoezi hili makaburini kwa makusudi, likiharibika vipande visitapakae kwenye njia kuu.

Tarehe 25 Februari 2020 ikashika. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa satelaiti mbili za biashara kuunganishwa angani. Kabla ya kushika ilikuwa imepiga picha, na mimi hizo picha nimeziangalia mara nyingi, satelaiti iliyokuwa haijaonwa na jicho la mtu wala kamera kwa miaka karibu 19, imening'inia mabawa wazi na dunia nyuma yake. Kumbe ilikuwa nzima.

Watu wengi wanaandika kwamba ilijazwa mafuta. Haikujazwa. MEV-1 haina mpira wa kupitishia mafuta, ilichofanya ni kubaki imeng'ang'ania mgongoni, yenyewe ndo inasukuma na kuielekeza, na 901 inabaki na kazi ya mawasiliano tu. Zikashuka pamoja mpaka njia kuu, zikaenda digrii 27.5 magharibi, na tarehe 2 Aprili 2020 satelaiti iliyotoka makaburini ikarudi kazini na wateja kama 30. Mwaka uliofuata, Aprili 2021, MEV-2 ikaishika Intelsat 10-02 palepale kwenye njia kuu digrii 1 magharibi huku ikiwa inaendelea kuhudumia watu. Wachina nao mwanzoni mwa 2022 walitumia chombo chao SJ-21 kuivuta satelaiti yao moja ya Beidou, zile za kuonyesha njia kama GPS, iliyokufa wakaipeleka mbali juu ya njia kuu, maana yake hata ile iliyofia barabarani inaweza kuondolewa mtu akiwa na nia na uwezo.

Mkataba wa 901 ulikuwa wa miaka mitano. Ukaisha. Aprili 2025 MEV-1 iliipandisha tena makaburini, safari hii sio kwa mafuta ya 901 yenyewe, ikalegeza ile fimbo, ikarudi nyuma taratibu, ikaiacha huko na yenyewe ikashuka kwenda kwenye kazi nyingine.

Nilirudi kwa yule mzee mwezi uliopita, upepo ulikuwa umelisogeza dishi, nikampa hiki kisa chote nikiwa nakaza boliti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hilo lililoibeba, nalo likizeeka nani atalipandisha?" Nikamwambia limetengenezwa liishi miaka 15, na likikaribia mwisho litatakiwa libakize mafuta yake lijipandishe lenyewe. Akauliza watajuaje yamebaki kiasi gani. Nikamwambia zenoni ni gesi, unapima presha na joto unapiga hesabu, ila daftari bado wanaandika vilevile, kila linapopuliza.